Risasi Niliyompa Gaspari Mlangoni mwa Stoo

Asubuhi ile mlangoni mwa stoo tulikuwa watu sita. Nawataja wote, ili mwenye kubisha aanze kubisha hapa hapa, asinisubiri mbele.

Nilikuwepo mimi, Agripina, mtunza stoo wa kambi ya uwindaji ng'ambo ya mto, upande wa Ulanga. Alikuwepo Gaspari, mdogo wangu wa tumbo moja, aliyenifuata mgongoni. Yeye alikuwa mfuata nyayo. Alikuwepo Sabina, mke wa Gaspari, wifi yangu, amekaa pembeni na ungo anachambua mchele, maana jikoni tulisaidiana. Alikuwepo Komba, askari wa wanyamapori, Mngoni, hana undugu na sisi ila ni mtani wangu, na utani ni undugu wenye mdomo mchafu. Alikuwepo Bwana Dani, mwindaji bingwa, yaani yule mwenye leseni ya kuwaongoza wageni. Mzungu aliyezaliwa nchi hizi hizi, Kiswahili anakijua mpaka matusi. Na alikuwepo mgeni mwenyewe, Bwana Walta, mwenye kiwanda cha milango huko kwao, aliyetoka mbali kote huko kuja kupiga nyati.

Watu sita. Saa nane mchana mmoja wao alirudi amefunikwa turubai, naye ni Gaspari.

Kwa nini nayaandika leo, wakati nimekaa kimya mpaka meno yamekwisha? Kwa sababu ya Gaspari mdogo, mjukuu wa marehemu, aliyerithi jina. Msimu huu amepata kazi kambini, kazi ile ile ya babu yake. Alikuja kuniaga, akanishika mikono, akasema, "Bibi, usiwe na wasiwasi. Mimi sitakuwa na haraka kama babu."

Nilimpa wali na samaki kitoga wa kukaanga, akala, akaenda. Haraka! Neno hilo limekaa juu ya kaburi la mdogo wangu kama jiwe, na aliyelibeba jiwe akaliweka pale namjua.

Basi na Jeni, mjukuu wangu aliye Arusha kwenye ofisi ya kupanga safari za wawindaji, naye hunipigia simu kila mara: "Bibi, andika unayoyajua kuhusu kazi ile, hata kwa makosa. Nitayapiga chapa niwape wenzangu wanaoanza." Jeni, haya. Elimu yangu darasa la nne, mwandiko wangu kama kuku amepita kwenye majivu. Lakini jina la mtu halinipotei, na namba ya bunduki hainipotei.

Nianze na kazi, maana mnaitaka kazi.

Safari ya mwindaji huanza mwaka mmoja nyuma, mezani kwake. Anaandika kwamba anataka nyati, anataka sheshe, yule swala mwekundu wa bondeni kwetu ambaye kwingine hampati kirahisi. Ofisi inamjibu: msimu ni Julai mpaka Desemba, wewe njoo mapema. Akisema atakuja mwishoni kwa sababu ndiyo likizo yake, mwambieni ukweli. Vuli ikishanyesha, ule udongo mweusi hung'ang'ania gari kama mtoto asiyetaka kuachishwa ziwa. Nimewaona wageni waliokuja kuwinda siku kumi, siku nne wakawinda gari lao wenyewe ndani ya tope.

Halafu bunduki. Mgeni hawezi kufika tu na bunduki begani kama jembe. Anatuma aina yake, namba yake, na idadi ya risasi, ofisi inamwombea kibali cha kuiingiza kwa muda. Akishuka uwanjani Dar es Salaam, polisi wanafungua sanduku na kulinganisha namba iliyochorwa kwenye chuma na namba iliyo kwenye karatasi. Zikipishana, bunduki inalala kwao.

Alikuwepo mgeni mmoja, Bwana Enzo, mwenye masharubu na manukato. Yeye namba aliinakili vizuri kabisa, kwa mkono wake, ila aliinakili kutoka kwenye darubini iliyofungwa juu ya bunduki. Kibali kikatoka, kina mihuri yote, kibali cha darubini! Siku tatu alikaa hotelini anatazama feni ikizunguka. Komba aliposikia alisema, "Mpeni leseni yake. Awinde na darubini, awaone wanyama kwa karibu, arudi kwao." Ndiyo maana Jeni namwambia kila siku: mwombe mgeni picha ya namba, usimwombe namba.

Na alikuwepo Mama Ingrid, mjane, mwalimu mstaafu, mwembamba kama ufito. Huyo ndiye aliyejua kusafiri. Bunduki imetolewa kile chuma cha kufungia nyuma, imelala kwenye sanduku gumu lenye kufuli mbili. Risasi ziko peke yake, kwenye maboksi yake ya kiwandani, ndani ya kisanduku kingine chenye kufuli. Nakala za karatasi tatu tatu, moja kwenye mkoba, moja kwenye begi, moja kifuani. Tena alikuwa amezipima risasi kwa mizani ya jikoni kwake, ile ya kupimia unga, kwa sababu ndege nyingi hazimruhusu abiria mmoja kuzidisha kilo tano za risasi. Nilimuuliza kwa Kiswahili changu na mikono, kwa nini ujisumbue hivyo? Akanijibu kwa Kiswahili chake na mikono: kitu kitakachotolewa kwenye sanduku langu, nataka nikichague mimi, nyumbani, nikiwa nimetulia.

Likumbukeni neno la mama yule. Lingekuwa limekaa kichwani mwa Bwana Walta, Gaspari angezeeka.

Mimi stoo sikuzaliwa nayo. Niliingia kambini kuosha vyombo, nikapanda kupika, na jikoni na stoo vilikuwa chumba kimoja kilichokatwa kwa ukuta wa mabati. Stoo ilishikwa na Mzee Kasiani wa Mofu, jicho moja lina ukungu. Ndiye aliyenifundisha. Alikuwa na kopo la maziwa ya unga, ndani yake risasi moja ya kila aina iliyowahi kupita kambini, zote zimeandikwa kwenye daftari la Komba, za kufundishia. Aliniita nikimenya vitunguu.

"Agripina, fumba macho."

Ninafumba. Ananiwekea risasi kiganjani.

"Ya nini hiyo?"

"Ya sheshe."

"Na hii?"

"Ya nyati."

"Ya nyati nzito au ya nyati nyepesi?"

"Sijui, Mzee. Zote nene."

"Basi umeshaua mtu. Rudi kwenye vitunguu."

Nilirudi kwenye vitunguu mara nyingi. Lakini mwisho nilijua. Bunduki ile ile kubwa inakula risasi za namna mbili, unene mmoja, ganda moja. Moja ina kichwa kizito, inapita kwenye mfupa wa bega la nyati. Nyingine ina kichwa chepesi, ni ya kujaribia shabaha kwenye karatasi, ikikutana na mfupa mkubwa inapasuka juu juu. Kwa macho ya haraka ni mapacha. Kwa kiganja, mmoja ni mtoto aliyeshiba na mwingine ana njaa.

Mzee Kasiani ndiye aliyeweka desturi ambayo sijaisikia kambi nyingine. Alisema, mfuata nyayo anatembea mbele ya mtutu. Macho yake yako chini kwenye nyayo, na mgongo wake uko kwa mtu asiyemjua, aliyefika juzi kwa ndege. Kwa hiyo ana haki ya kujua kilichomo ndani ya mtutu ule. Kila asubuhi kabla ya kutoka, mfuata nyayo anakuja mlangoni mwa stoo, mtunza stoo anampa risasi moja ya siku ile. Anaipima mkononi, anaigeuza, anairudisha. Sisi risasi ile tuliiita "wa mgongoni". Ikiwa nyepesi na safari ni ya nyati, mfuata nyayo ana ruhusa ya kusema: mnyama akijeruhiwa akaingia matete, siingii mpaka kesho. Na hakuna bwana wa kumlazimisha. Ndiyo ilikuwa sheria yetu, haikuandikwa popote, ila iliheshimiwa kuliko zilizoandikwa.

Mzee Kasiani alipostaafu, Bwana Dani alinipa mimi funguo. Maneno yalisemwa! Mwanamke na stoo ya bunduki, wapi na wapi? Wanaume watatu walizitaka funguo zile, majina yao ninayo ila wana wajukuu, nawasitiri. Nilizifunga kwenye pindo la khanga, nikalala nazo, nikaenda nazo kanisani Lupiro. Nilizipenda, nasema kweli. Wasichana mnaoshika funguo leo hamjui utamu wa kitu kilichosemwa si chako.

Sasa Bwana Walta.

Alikuja mwishoni mwa msimu, mawingu yameshaanza kukaa juu ya milima ya Udzungwa. Alikuwa na bunduki mbili, ndogo ya sheshe na kubwa ya nyati, na sanduku la risasi ambalo hakulipima. Kwenye uwanja wa kubadilishia ndege, huko njiani, mizani ikakataa. Imezidi. Wakamwambia, toa. Ndege inaondoka, watu wamepanga foleni nyuma yake, akatoa boksi la juu akawaachia. Hakulisoma. Lilikuwa boksi la risasi nzito za nyati, lote.

Nawaambia mnaoanza: begi la nguo likipotea litafuata kesho. Risasi hazifuati. Risasi zinasafiri na mwenyewe na kibali chake, zikibaki zimebaki.

Akatua Ifakara kwa ndege ndogo, akapakiwa kwenye gari, wakavuka mto kwa pantoni, wakati ule daraja bado. Walipofika nilitandika khanga juu ya meza kama kawaida yangu, nikafungua sanduku, nikapanga kila boksi mbele ya bunduki yake. Ya bunduki ndogo, maboksi mawili, sawa. Ya bunduki kubwa, boksi moja. Nikatoa risasi moja, nikafumba macho.

Ana njaa.

Nikatoa ya pili, ya tatu. Zote nyepesi. Nikamfuata Bwana Dani kwenye turubai lake.

"Bwana, za nyati hazikuja. Zimekuja za karatasi."

"Zinaingia kwenye bunduki, haziingii?"

"Zinaingia."

"Basi."

"Bwana Dani, hizi bega hazivunji."

"Mimi nitakuwa nyuma yake na bunduki yangu. Yangu inavunja."

"Na Gaspari atakuwa mbele yenu wote wawili."

Akaweka kikombe chini. Alinitazama, hakunitazama kwa hasira, afadhali ingekuwa hasira. Akasema polepole, "Mama Stoo, nimrudishe mgeni kwao? Ametoka nusu ya dunia. Ofisi wakiniuliza nani amekataa nyati, niseme ni wewe? Funguo hizo zina watu wanaozitaka."

Mkono wangu ukaenda kwenye pindo la khanga. Wenyewe, sikuutuma.

Siku mbili za kwanza walipiga sheshe kwa bunduki ndogo, nikapata tumaini kwamba nyati hawataonekana. Niliomba hivyo, kwa Mama Maria, kwamba nyati wahame. Siku ya tatu asubuhi nyayo zilionekana karibu na bwawa, dume moja, la peke yake. Gaspari alikuja mlangoni anasugua mikono kwa furaha.

Kabla hajafika, Bwana Dani alipita karibu yangu akasema bila kunigeukia, "Mpe ya kwenye kopo."

Ya kwenye kopo. Kwenye kopo la Mzee Kasiani kulikuwa na risasi moja ya bunduki kama ile ile, kichwa kizito, ya mgeni wa msimu wa nyuma.

"Shikamoo, Dada," Gaspari akasema. "Nipe wangu wa mgongoni."

"Marahaba."

Komba alikuwa ameegemea nguzo, anavuta ugoro. "Agripina, mpe upesi. Huyu mdogo wako anataka kuibusu."

"Bora nibusu risasi kuliko kukaa karibu na pua yako, Mngoni," Gaspari akamwambia. "Nyati atatusikia kwa harufu ya ugoro akiwa bado Mahenge."

"Nyati wa kwenu wanatuogopa Wangoni tangu babu zao."

"Babu zetu ndio waliowaogopa. Nyati hawajawahi kuwasikia."

Sabina akacheka, mchele ukamwagika kidogo kwenye ungo. Bwana Walta naye akacheka, hakuelewa kitu, alicheka kwa sababu wengine wanacheka. Alikuwa mtu wa kucheka, si mbaya. Mpaka leo nashindwa kumchukia, na ningependa nimchukie.

Niliingia ndani. Boksi la mgeni lilikuwa kushoto. Kopo lilikuwa kulia. Nikatoa iliyo kwenye kopo, nikampa mdogo wangu.

Aliirusha kidogo, akaidaka. Akaigeuza. "Eeh. Huyu ameshiba," akasema, maana nilimfundisha mimi maneno ya kiganja. "Huyu akigonga bega, mnyama hafiki mbali." Akanirudishia. Sabina akampa mihogo ya kuchemsha kwenye jani la mgomba, wakaondoka.

Yaliyotokea sikuyaona, aliniambia Komba. Walilikuta dume limesimama ukingoni mwa matete, ubavu wazi, kama limetengwa mezani. Mgeni akapiga, na alipiga vizuri, begani kabisa. Dume likaruka likazama kwenye matete. Bwana Dani akasema wangoje. Gaspari akachuchumaa, akaitazama damu, akavua viatu kama desturi yake ya kuingia majini. Akasema, "Ni ya bega, na risasi nzito ile. Atakuwa ameshalala." Akaingia.

Nyati hakuwa amelala. Alikuwa amesimama. Bega halikuvunjika, lilichanika nyama tu. Bwana Dani aliinua bunduki yake ile inayovunja, na mbele ya mtutu wake kulikuwa na mgongo wa Gaspari. Alipopata nafasi ya kupiga, alipiga, na nyati alianguka. Alianguka karibu na Gaspari, wote wawili kwenye maji ya kufika magotini.

Saa nane gari liliingia kambini polepole. Komba alishuka wa kwanza, mkononi amebeba viatu vya Gaspari, vikavu. Sabina alivitazama viatu, akaniuliza mimi, hakumuuliza Komba: "Wifi, kwani anarudi peku?"

Afisa alikuja kuchunguza. Karatasi ya Bwana Dani ilikuwa tayari. Ilisomwa mbele yetu. Bunduki ya mgeni imeandikwa aina, namba, nchi iliyotengenezwa, mpaka urefu wa mtutu. Gaspari ameandikwa "mfuata nyayo mmoja, mwenyeji", na kwamba aliingia matete kabla ya kuamriwa. Hilo la kuingia kabla ya kuamriwa ni kweli. Ukweli uliokatwa miguu.

Afisa akanigeukia. Alikuwa kijana mpole. "Mama, wewe ndiye mtunza stoo. Risasi zilizotoka zilikuwa za nyati?"

Bwana Dani alikuwa anatazama nje, kwenye mawingu.

Nikalifungua kopo, nikaiweka ile risasi mezani. "Zilikuwa kama hii," nikasema.

Akaishika, akaandika, akanishukuru. Mara ya kwanza nilisema uongo kwa mkono, nikiwa na hofu. Mara ya pili nilisema kwa mdomo, mdogo wangu akiwa bado hajazikwa. Ya kwanza labda Mungu ataisikiliza. Ya pili sijui nitaianzaje.

Mazishini Komba alikuja na bunduki ya mti, kama mtani anavyopaswa. Akalizuia jeneza njiani. "Gaspari, amka! Mgeni anataka nyati mwingine, wewe umelala? Wavivu ninyi mnatuaibisha!" Watu walicheka huku wanalia, ndiyo dawa yenyewe. Halafu akanielekezea mimi mtutu wa mti. "Na wewe, Mama Funguo! Umempa nini mdogo wako kimemlaza hivi?" Alikuwa anatania, hakujua kitu. Wote wakaningoja nimjibu, maana sijawahi kushindwa na Komba kwa maneno. Walisema, maskini, uchungu umemziba.

Funguo nilikaa nazo mpaka nikastaafu. Hakuna aliyeninyang'anya. Bwana Dani aliondoka misimu michache baadaye, sijui yu hai. Komba alikufa kwa kifua, nilimzika, nikamtania kidogo. Bwana Walta alituma picha: kichwa cha nyati ukutani kwake, juu ya mlango, mlango mzuri kwelikweli. Sabina aliomba kuiona. Aliitazama, akasema, "Kumbe alikuwa na pembe fupi," akanirudishia.

Sabina alilea watoto wanne. Aliwaambia, "Baba yenu alikuwa mtu mzuri, ila alikuwa na haraka." Walipokimbia, aliwaambia haraka ilimuua baba yenu. Wakaoa, wakazaa, wakawaambia wao. Mtoto aliyepewa jina lake amekua anaonywa kwa jina lake. Mimi nipo, nakaribishwa kwenye sherehe zote, nawekwa kiti cha mbele, shangazi, bibi, nasikia neno lile linapita juu ya sahani za wali, na mimi natafuna.

Gaspari hakuwa na haraka. Sikilizeni ninyi nyote. Alipima, akauliza, akangoja ajibiwe. Akajibiwa uongo na mtu aliyemfundisha kuuliza.

Gaspari mwanangu, ukifika kambini watakucheka, nenda hivyo hivyo mlangoni mwa stoo uombe wako wa mgongoni. Usipokee iliyotoka kwenye kopo. Usipokee hata kwa ndugu yako. Boksi lifunguliwe mbele yako, ulitazame, na uchague mwenyewe ipi upime. Na ikiwa na njaa, kaa chini. Mwache bwana atukane, matusi hayana pembe.

Jeni, wapimishe wageni wako nyumbani kwao. Na kwenye karatasi zako, palipo na namba ya bunduki, andika na jina la atakayetembea mbele yake. Jina lote, na la baba yake.

Halafu Jeni, kazi moja ya mwisho. Bibi yako Sabina yuko pale pale Lipangalala, macho hayaoni tena, masikio yake mazima. Usimpe mtu mwingine amsomee. Nenda mwenyewe, mwamkie, kaa, msomee taratibu toka mwanzo, usiruke palipo na mimi.

Wifi, kati ya wale sita, hapa kwetu tumebaki mimi na wewe. Ulikuwa umekaa na ungo hatua nne kutoka mlangoni, mlango ulikuwa wazi, na wakati ule macho yako yalikuwa makali kuliko yangu. Labda haukuwa mchele, yalikuwa maharage. Labda Komba hakuegemea nguzo, alikaa kwenye ndoo. Na labda, uzee ni uzee, uliuona mkono wangu ukienda kushoto, kwenye boksi la mgeni, ukampa mumeo ile aliyostahili kupewa. Ikiwa uliuona hivyo, nitakuamini wewe kuliko mimi.

Kama nimekosea, Wifi, nisahihishe.